Sifuri Aliyoijutia Mwalimu Sesilia

Mwalimu Sesilia Leonardi Mtepa alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, katika kijiji cha Lukuledi, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Leonardi Mtepa, mchonga vinyago, na Mama Anna Nambunga. Wazazi wote wawili wametangulia.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kujua ndani kuna nini. Krismasi ya mwaka 1970, akiwa na miaka saba, mama yake alimwita amsaidie kupasua kuku wa sikukuu. Kuku yule alikuwa mtagaji, na tumboni mwake mayai yalikuwa yamejipanga kwa ukubwa: moja lenye ganda, moja lenye ngozi laini tu, kisha viini vidogo vya njano, hadi vya mwisho vilivyolingana na punje za mtama. Sesilia aliyapanga yote juu ya jani la mgomba, wageni wakisubiri chakula. Akauliza, "Mama, haya mengine bado hayajavaa ganda. Yanavalia wapi?" Mama Anna, mwenye moshi machoni na sufuria isiyo na kitu, alimjibu, "Muulize kuku." Shangazi zake walicheka kisa hicho miaka yote. Yeye hakucheka sana. Alikuwa akisema kwamba siku ile ndiyo aligundua kuwa watu wazima hawajui.

Alisoma Shule ya Msingi Lukuledi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaongoza darasa lake, na Januari 1978 akaingia kidato cha kwanza katika shule ya wasichana ya bweni mkoani Mtwara. Katika mtihani wake wa kwanza wa Biolojia alipata kumi na moja kwa mia. Swali moja lilitaka sehemu za shina la mmea, naye akaacha nafasi tupu, kwa sababu hakujua kwamba lile neno la Kiingereza lilikuwa ni shina tu, kitu alichokikata kwa jembe kila msimu tangu apate nguvu za kushika mpini. Mwalimu alimwambia mbele ya wenzake kwamba akili yake ni nzito. Sesilia alikaa chini. Likizo ile hakwenda nyumbani. Alibaki shuleni na kamusi ya kuazima, akanakili maneno mpaka daftari mbili zikajaa, na Desemba mwaka huohuo akawa wa pili kati ya wasichana themanini. Watoto wake walikisikia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alikimaliza kwa maneno yaleyale: "Sikuwa mjinga Januari nikawa na akili Desemba. Nilijifunza majina tu."

Alihitimu kidato cha nne mwaka 1981 na cha sita mwaka 1984, akalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kisha akasomea ualimu wa sayansi na kutunukiwa stashahada mwaka 1987. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Tunduru, alikofundisha Biolojia na Kemia kwa miaka sita.

Mwaka 1991, alipokuja Dar es Salaam kusahihisha mitihani, alialikwa chakula kwa binamu yake Temeke, na pale akamkuta kijana wa bandarini aitwaye Sebastian Nikodemu Chilumba. Ndugu Sebastian hupenda kueleza mwenyewe kilichotokea. Alijitia kumsifu mgeni, akaweka mkono kifuani upande wa kushoto na kusema moyo wake umeanza kwenda mbio. Sesilia akamwambia, "Moyo hauko huko. Uko katikati, umeegemea kushoto kidogo tu." Sebastian akabisha. Wakabishana hadi chai ikapoa. Akamwandikia barua Tunduru miaka miwili, na kila barua aliifunga kwa kuuliza kama moyo umeshahama. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 26 Juni 1993, Temeke, na Mungu akawajalia watoto wawili, Benjamin mwaka 1994 na Jesca mwaka 1997. Walianza maisha kwenye chumba kimoja cha kupanga Tandika, na mwaka 2002 wakahamia kwao, Charambe, kwenye nyumba ambako ndiko tulikotoka naye asubuhi ya leo.

Alifundisha katika sekondari moja ya Temeke hadi mwaka 2006, akajiendeleza kwa masomo ya jioni na kupata shahada. Januari 2007 alihamishiwa Sekondari ya Mikoroshoni, shule mpya ya kata huko Mbagala. Shule ilikuwa na madarasa sita na haikuwa na maabara. Kidato cha pili peke yake kilikuwa na wanafunzi tisini na saba kwenye chumba kimoja. Mwalimu Sesilia hakulalamika kuhusu maabara. Alikubaliana na muuza nyama wa jirani, na kila mwaka siku ya somo la mzunguko wa damu aliingia darasani na moyo wa ng'ombe ndani ya ndoo. Aliupuliza kwa mrija wa plastiki, mbele ya wote, ili waone milango ya ndani ikijifunga na kufunguka. Wengine walitoka nje kutapika, wengine wakasogea mbele.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe. Alimwambia binti yake Jesca, anayesoma wasifu huu, "Msiniandike kama malaika. Semeni na la Mwanakombo."

Mwanakombo Marijani alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili mwaka 2009, mwenye umri wa miaka kumi na tano. Mama yake alikaanga samaki na kuwauza pale Mbagala. Katika mtihani wa muhula, mwezi Oktoba, swali la tisa liliuliza samaki anavyopumua. Lilikuwa na alama kumi. Maswali mengine yote Mwanakombo aliyajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, lakini alipofika la tisa alijaza ukurasa mzima kwa Kiswahili. Aliandika hivi:

"Samaki anaingiza maji mdomoni lakini hayamezi. Yanatokea mashavuni. Ndani ya mashavu kuna vitu kama kurasa nyembamba, nyingi, nyekundu. Ni nyekundu kwa sababu damu iko karibu sana na maji. Hewa iliyomo kwenye maji inaingia kwenye damu hapohapo. Samaki akitolewa nje zile kurasa zinagandana, hewa haina pa kupita, ndiyo maana anakufa na hewa imejaa kila mahali."

Mwalimu Sesilia aliusoma ukurasa ule mara mbili. Katika miaka ishirini na miwili ya kusahihisha hakuwahi kukutana na jibu zuri kama lile, hata kutoka kwa walimu wenzake. Lakini kanuni ilisema mtihani wa Biolojia hujibiwa kwa Kiingereza, naye alikuwa mtu wa kanuni. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika sifuri.

Karatasi ziliporudishwa, Mwanakombo alisimama.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Umejibu kwa Kiswahili."

"Kwa hiyo samaki hapumui hivyo?"

Darasa lilicheka. Mwalimu Sesilia akasema, "Kaa chini, tuendelee." Binti akakaa. Kengele ilipolia aliiacha ile karatasi juu ya dawati, na Mwalimu ndiye aliyeiokota.

Januari 2010 shule zilipofunguliwa, Mwanakombo hakuonekana. Mwalimu aliuliza darasani, akaambiwa kuna matatizo nyumbani. Akatuma salamu kupitia mwenzake, jibu halikuja. Akasema ataenda mwenyewe, kisha ikawa ratiba, ikawa vikao, ikawa mitihani ya majaribio. Alipofika kwa miguu yake ilikuwa mwezi wa tano. Mlango ulikuwa na mpangaji mpya. Jirani mmoja alimwambia, "Walihama tangu Aprili. Nasikia wako Tandale kwa mama mdogo wao." Mwalimu Sesilia alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda cha jikoni bila kuwasha jiko. Ndugu Sebastian alipomuuliza kulikoni, alisema, "Nilifanyiwa vilevile nikiwa na umri wake. Halafu nimekaa na kalamu nikafanya vilevile."

Kuanzia hapo wanafunzi wake waliona mabadiliko. Kila jibu lililoandikwa kwa Kiswahili lilipata alama mbili: ya kanuni kwa kalamu nyekundu, na pembeni nyingine kwa penseli. Mkuu wa shule alimwita.

"Mwalimu Mtepa, hii penseli maana yake nini?"

"Maana yake mtoto anajua."

"Kwenye mtihani wa taifa hakuna penseli."

"Nalijua hilo, mkuu. Ndiyo maana natumia penseli."

Mwaka 2011 aliandaa mtihani wake mwenyewe, wa maswali ishirini, kuhusu mambo ya msingi kabisa. Mti unapata wapi uzito wake? Damu inakwenda wapi ikitoka moyoni? Usiku mmea unapumua au haupumui? Kwa nini mtoto anafanana na baba yake ilhali alikaa tumboni kwa mama? Wanafunzi waliufanya Jumatatu kwa Kiingereza na Jumatano kwa Kiswahili, maswali yaleyale, bila majina. Alianza na wanafunzi themanini na wanne wa shuleni kwake. Jumatatu wastani ulikuwa sita kati ya ishirini. Jumatano ukawa kumi na mbili.

Aliomba vibali na kuanza kuzunguka shule za Temeke na Kinondoni, shule moja baada ya nyingine, kwa siku zake za likizo. Ndugu Sebastian alimbebea karatasi. Si kila mlango ulifunguka. Mkuu mmoja alimwambia, "Mama, umekuja kutuaibisha?" Naye akajibu, "Nimekuja kuuliza tu, baba." Na hakuficha yale ambayo hayakupendeza upande wake. Yako mambo ambayo watoto hawakuyajua kwa lugha yoyote ile. Karibu nusu waliandika kwamba mti unakula udongo. Wengi waliamini damu ndani ya mwili ni ya bluu. Katika shule moja ya Kinondoni aliuliza kama maharage yaliyomo ndani ya gunia jikoni yako hai au yamekufa, na binti mmoja akajibu kwa uhakika, "Yamekufa, madam, mbona yamekauka." Mwalimu alitoa maharage matano mkobani, akamfungia kwenye pamba yenye maji, akamwambia, "Kaa na maiti zako siku nne, halafu uniambie." Wiki iliyofuata mkuu wa shule ile alimpigia simu kwamba kidato kizima sasa kinaotesha maharage madirishani na wafagizi wanalalamika.

Kwa miaka kumi alifika shule thelathini na moja, na wanafunzi elfu nne mia moja kumi na sita wakaufanya mtihani ule. Taarifa yake aliipeleka ofisi ya elimu, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na hakuitwa. Iliposemwa kwamba anapiga vita Kiingereza, alikuwa akieleza taratibu: "Sijasema Kiingereza kiondoke. Mie mwenyewe kimenilisha. Nasema mtoto asipewe sifuri kwa kitu anachokijua."

Familia ilijua kwamba safari hizo zilikuwa na jambo la pili. Kila alipomaliza kazi upande wa Kinondoni, alipitia Tandale. Alikwenda sokoni, kwenye mabanda ya mchele na ya nazi, akiuliza, "Mnamjua Mwanakombo binti Marijani? Mama yake alikuwa akikaanga samaki Mbagala." Ndugu Sebastian alimwambia, "Mama Ben, Tandale kubwa." Alikuwa akijibu, "Hata yeye amekua mkubwa, tutaonana." Aliangalia nyuso za wasichana wa miaka kumi na tano, kisha akajikumbusha kwamba sasa atakuwa na kumi na nane, sasa ishirini na moja, sasa ishirini na nne. Mwaka 2018 alielekezwa kwa Mwanakombo mmoja aliyehamia Mbweni. Akaenda na mumewe, wamevaa vizuri. Akafungua mlango mama wa makamo ambaye hakuwahi kuvuka kuja Mbagala maishani mwake. Aliwakaribisha chai na vitumbua, akasikiliza kisa kizima, akasema, "Natamani ningekuwa mie." Mwalimu Sesilia alikumbuka maneno hayo kwa muda mrefu.

Februari 2021 alianza kuvimba miguu na kuchoka kabla ya saa sita mchana. Vipimo vilionyesha kwamba figo zake zilikuwa zimechoka kwa shinikizo la damu la miaka mingi. Alipokea habari hizo kwa utulivu, akamuuliza daktari maswali mengi kiasi kwamba daktari alimuuliza amesomea wapi. Nyumbani alimwambia Jesca jambo moja tu: "Yule binti nilitaka nimwone nikiwa na nguvu."

Jesca alichukua picha ya darasa la mwaka 2009, akaitia duara usoni pa Mwanakombo, akaituma kwenye kundi la simu la waliosoma Mikoroshoni. Miezi mitatu hakuna aliyejua. Mwezi Juni mmoja wao, Mbwana, aliandika, "Huyu si Mama Naima wa Tandale? Mie nanunua samaki kwake kila Ijumaa." Hapo ndipo familia ilipoelewa. Miaka yote ile Mwalimu alikuwa akiulizia jina ambalo pale sokoni hapana aliyelitumia. Mwanakombo alizaa mapema, akamwita binti yake Naima, na tangu siku hiyo akawa Mama Naima kwa kila mtu. Banda lake lilikuwa upande wa pili wa soko, kwenye kona ambayo Mwalimu alipita si chini ya mara kumi.

Walizungumza kwa simu Jumamosi, tarehe 19 Juni 2021, alasiri, Mwalimu akiwa ameketi barazani na mumewe kando.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa unanitafuta, nikaogopa. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikupa sifuri. Swali la tisa, la samaki. Ulikuwa umepata. Nilikosea mie."

Sauti ya upande wa pili ikasema kwa upole, "Mwalimu, mie huo mtihani wala siukumbuki."

Ndugu Sebastian anasema mkewe alishusha simu mapajani kwa muda, kisha akairudisha sikioni. Akauliza kama si ule mtihani uliomtoa shuleni, ni nini.

"Mama alipata kiharusi Novemba ile. Wadogo zangu walikuwa wawili. Nikashika karai la samaki mie."

"Kwa hiyo si mie."

"Si wewe, Mwalimu. Ila shule niliililia. Kabla hatujahamia huku nilikuwaga natembeza samaki pale Mbagala. Nikifika dirisha la fomu thrii, la wenzangu, napunguza mwendo. Siku moja ulikuwa unafundisha figo. Nikatua beseni, nikasimama ukutani, samaki wakapoa. Umefika katikati, kengele ikalia. Ile nusu nyingine sijawahi kuijua mpaka leo."

Mwalimu Sesilia hakumwambia kuhusu ugonjwa wake siku hiyo. Alisema tu, "Njoo Jumapili, nikumalizie."

Alikuja, na binti yake, na samaki kwenye kapu. Mwalimu alichora figo ubaoni, ubao uleule mdogo aliowafundishia watoto wake, akaanza pale alipoishia mwaka 2010. Alipofika kwenye uchujaji wa damu alieleza kwamba figo zikichoka miguu huvimba, akanyanyua upindo wa gauni lake kidogo. Mwanakombo alitazama, akaelewa, akaanza kulia. Mwalimu akamwambia, "Andika kwanza. Kulia baadaye." Kisha akamuuliza anataka nini maishani. Mwanakombo akasema, huku akimwangalia binti yake badala ya Mwalimu, kwamba anatamani cheti cha kidato cha nne. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na aliona haya kulitamka.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa ilikuwa darasa. Septemba 2021 Mwalimu alianza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Hata huko hakuacha. Muuguzi Nusaiba, aliyemhudumia na ambaye yuko nasi leo, alituambia kwamba wagonjwa walipanga zamu zao ili wakae karibu naye, kwa kuwa alikuwa akiwaeleza mashine inafanya nini na kwa nini wasinywe maji mengi, kwa maneno ambayo kila mmoja aliyashika. Alichoka sana. Zilikuwepo Jumapili alizofundisha akiwa amelala, Mwanakombo akimsomea naye akisahihisha amefumba macho. Machi 2023 alistaafu utumishi wa umma. Kabla ya hapo, mwezi Januari, Mwanakombo alikuwa amefaulu mtihani wa maarifa, ule unaomruhusu mtu aliyeacha shule kufanya wa kidato cha nne. Siku ile Mwalimu alidai apikiwe pilau, ingawa yeye mwenyewe aliruhusiwa vijiko viwili tu.

Waliokaa naye karibu miaka hii mitatu watakubali kwamba kupatikana kwa Mwanakombo hakukumwondolea hamu yake. Kulimwonyesha ukubwa wake. Alikuwa akikaa barazani jioni, wanafunzi wa Charambe wakirudi kwa makundi na sare zao, na alikuwa akisema, "Nimempata mmoja. Wale wengine waliosimama nje ya madirisha yangu ni wangapi? Sikuwahi kutazama nje." Ndugu Sebastian alikuwa akimfunika miguu kwa kanga tu.

Tarehe 9 Novemba 2024 alilazwa, maji yakiwa yameingia mapafuni. Mwanakombo alitaka kuacha mitihani aje kumuuguza. Mwalimu alimwambia kwa simu, kwa pumzi fupi, "Ukija kabla ya Biolojia sitakufungulia mlango." Baada ya karatasi ya Biolojia, Mwanakombo alitoka kwenye kituo cha mtihani na kwenda hospitali bila kupita nyumbani. Ilikuwa Jumatano, tarehe 20 Novemba, saa ya kutazama wagonjwa. Jesca alikuwepo.

Mwalimu alifungua macho. "Wameuliza nini?"

Mwanakombo aliyakumbuka maswali kichwani, akayasema moja baada ya jingine. Kwa kila moja Mwalimu aliuliza, "Ukaandika nini?" Mwanakombo alimjibu kama alivyoandika, kwa Kiingereza, polepole. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Swali la nne alikunja uso, akamwambia amesahau jambo moja, akalitaja. La tano, sawa. La sita, sawa. Walipofika la saba alishika mkono wa Mwanakombo, akasema, "Hilo niambie kwa Kiswahili, nimechoka." Mwanakombo akamweleza kwa Kiswahili jinsi jeraha linavyopona: damu inavyoganda, ngozi inavyojiunga kutoka chini, taratibu, bila mwenyewe kuamrisha. Alieleza kwa muda mrefu. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa amelala, uso umetulia.

Hakuamka tena. Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, miezi minane na siku saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya ndogondogo ya Charambe, walimu wenzake, na wafanyabiashara wa soko la Tandale waliofika tangu siku ya kwanza ya msiba na kupikia waombolezaji wote bila kuombwa.

Mwalimu Sesilia ameacha mume, Ndugu Sebastian Nikodemu Chilumba, watoto wawili, Benjamin na Jesca, wajukuu watatu, kaka yake Venance na dada zake wawili, wanafunzi wengi ambao hatuwezi kuwahesabu, na mwanafunzi mmoja, Mwanakombo Marijani, anayesubiri matokeo yake mwezi Januari.

Mungu ampe Sesilia pumziko na utulivu, nasi tuliobaki atujalie kuizoea nyumba isiyo na sauti yake. Amina.